Ombi la Mama Girish

Candida alikuwa mbele ya kioo, amebakiza kufunga kilemba tu, pale Mwalimu Mwinyimvua, mwongozaji wa mchezo, alipobisha na kuingiza kichwa mlangoni. Alisema kuna mama anamwulizia nje, na hataki kusubiri mchezo uishe. Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, yeye ambaye tangu mazoezi ya kwanza alikuwa mtu wa kufoka.

"Amesema jina lake?" Candida aliuliza.

"Hana haja. Ni mama yake Girish."

Mkono wa Candida ulibaki hewani na pini ya kilemba. Saa ilikuwa tisa na robo alasiri, na mchezo ulikuwa uanze saa kumi. Upande wa pili wa ukuta watu walikwisha kuanza kuingia. Alisikia viti vikiburutwa sakafuni.

Ulikuwa mwezi wa tisa, mwaka wa sabini na tatu, na hiyo ndiyo Jumapili ya mwisho ya msimu. Tangu mwezi wa sita wanachuo wa chuo kikuu cha Mlimani walikuwa wakiteremka mjini, wakichanganyika na watu wa mtaa kucheza michezo ya kuigiza kwenye ukumbi mdogo wa Mchafukoge. Zamani ukumbi ule ulikuwa ghala la vitambaa. Sasa ulikuwa na viti themanini vya kuazima na jukwaa la mbao lililolia ukikanyaga upande wa kushoto. Candida alikuwa mwanachuo, mwaka wa pili wa ualimu. Girish alikuwa fundi redio wa mtaa wa pili, aliyeitwa siku moja kufunga taa za jukwaa na hakuondoka tena. Alikaa pembeni mwa pazia na daftari, akiwanong'oneza waigizaji maneno waliyoyasahau, na mwigizaji mmoja alipougua homa ya matumbo, Mwalimu alimsukuma Girish jukwaani kwa kuwa ni yeye tu aliyeyajua maneno yote. Ndivyo alivyopata kuwa mshona nguo katika mchezo wa tatu, na Candida akawa mke wa mshona nguo.

Mzee Onesphory, baba yake Candida, alikuwa amemruhusu binti yake aigize kwa sharti moja, kwamba mwanamume asimguse mbele za watu. Mwalimu alikubali. Mke na mume wa mchezo ule wakapendana kwa macho tu, na watu wa mtaa walikaa kimya kabisa wakiwatazama. Hakuna aliyeambiwa kwamba mwezi wa nane, mbele ya kituo cha basi, Girish alikuwa amemwambia Candida kwamba yeye hajui kuigiza hata kidogo, na kwamba yote anayoyasema pale juu anayasema kweli. Candida hakumjibu siku ile. Alimjibu kesho yake, na tangu hapo hakuwa na usingizi wa maana.

Mama Girish aliingia akiwa amevaa sari ya pamba ya rangi ya udongo na miwani mizito. Jina lake lilikuwa Vidya, lakini mtaa mzima walimwita kwa jina la mwanawe. Candida alisimama haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Mama Girish mwenyewe alikaa juu ya sanduku la nguo za michezo. Alizaliwa Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Tanga, cha taratibu.

"Nimekuona mara tatu," alisema. "Nakaa nyuma, karibu na mlango. Girish hajui. Jumapili iliyopita ulilia pale ulipoambiwa mumeo hajulikani aliko. Yalikuwa machozi ya kweli?"

"Ya kweli, mama."

"Unayatoaje?"

"Nafikiria jambo linaloniumiza."

Mama Girish alilijua jambo lenyewe, na Candida aliona kwamba analijua.

"Basi ninalokuomba unaliweza," alisema.

Akamweleza. Mumewe, Umakant, alikuwa amepooza upande wa kulia tangu mwezi wa tano. Kaka wa mumewe, aliyeko Jamnagar, ng'ambo ya bahari, alikuwa na nyumba kubwa na daktari wa karibu, na alikuwa amewaita. Meli ya Bombay ilikuwa iondoke Jumatano. Walikuwa wamekata tiketi tatu. Jana, akitafuta dawa kwenye mfuko wa shati la mwanawe, alikuta karatasi ya kuonyesha kwamba Girish amerudisha ya kwake.

"Hakuniambia mimi, wala hakumwambia baba yake. Mwanangu, mimi siwezi kumbeba mume wangu. Kumgeuza tu kitandani nahema."

Girish alikuwa amemwambia Candida kwamba safari ya wazazi imekaribia na kwamba yeye atapata njia. Hakuwa ametaja tiketi.

"Unataka nifanye nini, mama?"

"Mwambie umemkubali Kasmir."

Jina lile kutoka kinywani mwa mama yule lilimshtua. Kasmir alikuwa mfanyabiashara wa maharage ya jumla pale Kariakoo, mtu wa Kibosho kama Candida na baba yake, mtulivu, asiye na neno baya. Jana tu wazee wake walikuwa wamekuja sebuleni kwa Mzee Onesphory. Candida aliwamiminia chai, na walipouliza kama binti ana neno, alitazama birika na kunyamaza.

"Mtaa una masikio," Mama Girish alisema. "Girish akilisikia kwa mtu mwingine hataamini. Akilisikia kwako ataamini. Ataumia, lakini ataumia akiwa amemshika baba yake mkono."

"Umemwomba mwenyewe aende?"

"Nimelia mbele yake. Akaniambia nisilie."

Kelele za ukumbini zilikuwa zimeongezeka. Candida aliuliza swali ambalo hakupanga kuliuliza. "Mama, unanichukia?"

Mama Girish aliinuka akaiweka sawa sari yake begani. "Ningekuchukia ningekuja kukutukana, si kukuomba," alisema, kisha akatoka kwenda kukaa nyuma, karibu na mlango.

Candida alimaliza kufunga kilemba. Alichungulia kwenye upenyo wa pazia. Baba yake alikuwa safu ya mbele, kama kila Jumapili, na leo pembeni yake alikaa Kasmir, kofia yake juu ya goti. Baba alikuwa akimweleza jambo huku akionyesha jukwaa kwa kidole, kwa majivuno ya mtu anayeonyesha shamba lake. Candida aliachia pazia.

Girish alikuwa nyuma ya jukwaa, amechuchumaa juu ya nyaya na bisibisi mkononi. Alipomwona alitabasamu. Candida alijua kwamba akiliangalia tabasamu lile kwa sekunde mbili zaidi hataweza tena. Akavuta pumzi.

"Nimemkubali Kasmir," alisema.

Girish aliendelea kukaza skrubu, kama aliyesikia jambo la kawaida. Kisha mkono ukasimama.

"Lini?"

"Jana. Wazee wake walikuja nyumbani."

"Na wewe ukasema ndiyo."

"Nikasema ndiyo. Ni mtu wa kwetu, Girish. Baba anamtaka. Wewe nenda na wazazi wako, na mimi uniache niolewe kwa amani."

Aliisema sentensi ya mwisho vizuri sana, na akajichukia kwa jinsi alivyoisema vizuri. Girish aliweka bisibisi sakafuni polepole. Alifungua mdomo, lakini Mwalimu Mwinyimvua alikwisha kupiga makofi matatu ya kuwaita mahali pao, na taa za ukumbi zikazimwa.

Katika sehemu ya kwanza ya mchezo Girish, ambaye hakuwahi kusahau neno la mtu yeyote, alisahau ya kwake. Alisimama mbele ya cherehani akiwa na kitambaa mkononi, na kimya kikawa kirefu. Candida alilichukua neno lake na kumrudishia kama swali, naye akajibu. Watu wakacheka wakidhani ndivyo mchezo ulivyo. Mzee Onesphory naye alicheka, akampiga Kasmir kidogo begani. Baada ya hapo Girish hakukosea tena, lakini hakuwa akiigiza. Alikuwa akimsikiliza. Kila Candida alipofungua mdomo, alimkazia macho kama anavyoikazia macho redio iliyokufa, akitafuta wapi waya umekatika.

Pazia lilipofungwa kwa mapumziko, alimfuata moja kwa moja hadi chumba cha nguo na kusimama mlangoni.

"Ukiigiza," alisema, "kabla ya neno la kwanza unavuta pumzi na kuinua bega la kushoto. Nimekaa pembeni mwa pazia miezi mitatu, nalijua bega hilo. Ukizungumza na mimi huliinui. Leo, kule nyuma, uliliinua."

Candida alilishika bega lile.

"Nani kakutuma?"

Alimwambia. Alimwambia yote, tangu sanduku la nguo hadi tiketi. Girish alikuwa mtu mpole, mtu wa kuomba radhi kwa kiti alichokigonga, lakini sasa mishipa ya shingo ilimtoka. Alisema atakwenda kumwuliza mama yake mbele ya watu wote tangu lini anamfundisha msichana wa watu kusema uongo. Akageuka. Candida akamshika mkono.

Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa. Wote wawili walilitambua hilo, na Girish akasimama.

"Usiende kwa mama," Candida alisema. "Nijibu mimi kwanza. Mbona hukuniambia umerudisha tiketi?"

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo. Nilikudanganya kwa sababu nilitaka uende. Sasa sikudanganyi, tazama bega. Nataka uende."

"Unanifukuza."

"Nakupenda. Ila Jumatano nataka umpandishe baba yako melini. Ukibaki kwa ajili yangu, kila nitakapokupakulia chakula nitamwona yeye, kakaa bandarini hana wa kumnyanyua."

Girish alikaa juu ya sanduku lile lile alilokalia mama yake. Alisema kwa sauti iliyochoka kwamba Candida hawajui watu wake. Akifika Jamnagar watamtafutia mke kabla hajafungua mizigo. Watamlilia, watamnyamazia, na barua zitapotea mezani.

"Watakutafutia," Candida alisema. "Mimi wamekwisha kunitafutia, yuko pale safu ya mbele. Leo nitamkataa wangu. Wewe utamkataa wako. Ukishindwa, niandikie kwamba umeshindwa. Ninachokuomba usininyamazie tu."

"Utamkataa leo?"

"Kabla hawajatoka ukumbini."

Girish aliutazama mkono wake, bado umeshikwa. Kisha alitikisa kichwa kukubali, mara moja, na machozi yakamtoka bila yeye kuyafikiria.

Sehemu ya pili waliicheza kama ilivyoandikwa. Watu walisimama kupiga makofi, Mwalimu Mwinyimvua aliitwa jukwaani akashindwa kuongea, na viti vikaanza tena kuburutwa. Candida alishuka ngazi za jukwaa akiwa bado na nguo za mke wa mshona nguo. Baba yake alimwita kwa mkono, aje amsalimie mgeni. Candida alisema anakuja, ana neno na mama mmoja, akapita kati ya viti hadi nyuma. Mzee Onesphory, ambaye hakuzoea kupitwa, alimfuata, na Kasmir akamfuata mzee. Candida alisikia viatu vyao nyuma yake. Angeweza kushusha sauti. Hakuishusha.

"Mama, nilijaribu," alimwambia Mama Girish. "Akanigundua. Lakini Jumatano atasafiri nanyi. Nimemwomba mwenyewe, kwa maneno yangu. Nimemwambia nampenda, na nimemwambia aende."

Mama Girish alivua miwani. Macho yake yalikuwa yamekwenda nyuma ya bega la Candida.

"Nani unampenda?" Mzee Onesphory aliuliza.

Candida aligeuka. "Girish, baba."

"Yule fundi redio?"

"Ndiyo, baba."

Kabla baba hajapata neno lingine, alimgeukia Kasmir, kwa kuwa alijua akichelewa woga utamrudia. "Kaka Kasmir, nisamehe. Jana nilinyamaza mbele ya wazee wako, wakadhani nimekubali. Niliogopa tu. Siwezi kuolewa nawe."

Kasmir aliizungusha kofia yake mikononi. Uso ulikuwa umemwiva, lakini sauti haikupanda. "Ungelisema jana, wazee wangu wasingerudi nyumbani wakicheka," alisema. "Hata hivyo umenambia mwenyewe." Akampa Mzee Onesphory mkono, akavaa kofia, akatoka akipita kwenye vikundi vya watu waliokuwa bado wakiusifu mchezo.

Mzee Onesphory alibaki akimtazama Mama Girish. "Wewe ulijua?" alimwuliza.

"Tangu mwezi wa nane."

"Mimi nimekaa mbele kila Jumapili," alisema, kama anayejisemea, "sikuona kitu."

Nyumbani, Mtaa wa Kongo, mzee aliyaona yote kwa mpigo. Alisema hadi sauti ikamkauka. Aliuliza ni padri gani atakayewafungisha, na watoto watapewa jina gani. Aliuliza atamwambia nini mke wake Agnesi, aliyekuwa Kibosho kuangalia kahawa, akijua mahari inajadiliwa. Lakini lililorudi mara kwa mara lilikuwa moja, kwamba watu wa kina Girish wanahama. Leo wako, kesho wamefunga masanduku, na siku moja watamchukua binti yake waende naye nchi asiyoweza hata kuitamka. Candida alimsikiliza akiwa amesimama. Alipopewa nafasi alijibu kwamba anayehama Jumatano anahama kwa kuwa yeye ndiye aliyemwomba ahame. Baba akaingia chumbani.

Siku ya Jumatatu hawakusemezana. Jumanne jioni, baba akifunga duka lake la misumari na rangi, Candida alisimama mbele yake na kumwambia kwamba kesho asubuhi anakwenda bandarini kumuaga Girish. Alisema anamwambia ili asije akasikia kwa watu.

Mzee Onesphory alihangaika na kufuli, ingawa lilikuwa limekwisha kufungwa. "Hutakwenda peke yako," alisema.

Asubuhi ya Jumatano bandari ilijaa masanduku, vikapu, mabibi wa Kihindi wakilia na wapagazi wakigombana. Wasindikizaji waliruhusiwa kufika hadi chini ya ngazi ya meli. Pale chini, juu ya kiti cha jikoni, alikaa Umakant, mtu mpana aliyevaa koti juani, mkono wa kulia umelala mapajani. Mpagazi waliyepatana naye alikuwa amekwenda kubeba mizigo ya wengine. Girish alikuwa ameshika miguu ya kiti mbele, mama yake nyuma. Walipanda vidato viwili. Kwenye cha tatu kiti kiliinama, mama akapiga yowe fupi, na Girish akakivutia kifuani, wakarudi chini wakihema. Umakant alifumba macho. Mdomo wake ulipinda zaidi, na Candida alielewa kwamba ni aibu.

Alitaka kwenda kushika. Kabla hajapiga hatua, baba yake aliweka kofia mikononi mwake, akavua na koti. Mzee Onesphory alikuwa amebeba mifuko ya saruji tangu ujana. Alimwambia Mama Girish asogee. Alishika kiti upande wa nyuma, chini kabisa, akamwambia Girish asikimbilie, wapande kidato kimoja kimoja kwa pamoja, na ngazi ikikata kona wapumzike. Hakumtazama usoni. Walipanda hivyo, kijana mbele, mzee nyuma, na yule mgonjwa katikati yao, huku watu waliokuwa ngazini wakirudi juu kuwapisha. Candida aliwatazama hadi walipoingia mlango wa meli.

Waliposhuka, shati la Mzee Onesphory lilikuwa limelowa jasho. Girish alikuja nyuma yake. Chini ya ngazi mzee aligeuka, na sasa alimtazama.

"Mimi sijakubali neno lolote," alisema.

"Nimeelewa, mzee."

"Dini yenu siijui, na yetu huijui. Sijakubali."

"Ndiyo, mzee."

Honi ya meli ililia, ikawalazimu kusubiri inyamaze. Mzee Onesphory alijifuta shingo kwa leso.

"Ila kama utarudi," alisema, "usinizungukie nyuma ya mapazia. Duka langu liko Mtaa wa Kongo. Nafungua saa mbili asubuhi. Uje usimame mbele ya kaunta kama watu wengine, useme unachotaka, na mimi nikusikie kwa masikio yangu."

Girish alinyoosha mgongo. "Nitakuja, mzee."

Mzee Onesphory alichukua kofia yake mikononi mwa Candida na kuivaa taratibu. "Haya, muagane," alimwambia binti yake. Kisha akawapa mgongo, akageukia upande wa Magogoni na kutazama watu wakipanda kivuko, na akakaa akitazama hivyo muda mrefu kuliko walivyothubutu kutegemea.